Maswali ya Wasomaji: Kwa nini kazi nzuri huzama na ya ovyo hupaa?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: tovuti ambazo wasomaji wenyewe ndio wanaopiga kura habari ipi ipande na ipi ishuke, yaani Reddit, Hacker News na ndugu zao, huchaguaje? Tumezipanga barua hizo kufuatana na safari ya posti yenyewe, tangu inapowekwa hadi inapoangusha seva.

Picha ya paka imenishinda

"Wahariri, habari za kazi. Nimetumia wiki tatu kuandika makala ya maneno 3,000 kuhusu safari ya pesa za simu kutoka kwa wakala hadi benki. Nikaiweka Reddit, ikapata kura 2, na moja ni yangu. Siku hiyohiyo mtu kaweka picha ya paka kalala ndani ya sufuria, kura 4,000. Sasa ubora una kazi gani?" (Msomaji, Arusha)

Ndugu msomaji, paka hakukushinda kwa ubora, amekushinda kwa kasi. Tuanze na hesabu, maana wengi hawajawahi kuiona.

Reddit ilipoweka wazi msimbo wake mwaka 2008, kila mtu aliweza kusoma namna orodha ya "hot", yaani zinazovuma, inavyopangwa. Unachukua kura za kupandisha, unatoa za kushusha, unatafuta logarithimu ya kizio cha 10. Kisha unajumlisha muda wa kuposti: sekunde zilizopita tangu Desemba 2005, zikigawanywa kwa 45,000. Sekunde 45,000 ni saa 12 na nusu. Kwa hiyo kura 10 za kwanza zina uzito sawa na 90 zinazofuata, na hizo 90 ni sawa na 900 za baada yake. Posti yenye kura 10 iliyowekwa leo saa moja jioni inasimama bega kwa bega na yenye kura 100 iliyowekwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msimbo ulifungwa tena mwaka 2017 na namba za ndani hazichapishwi siku hizi, lakini ukikaa mbele ya orodha hiyo jioni moja utaona tabia ni ileile: kura za mwanzo ni dhahabu, za mwisho ni chenji.

Hacker News, iliyoanzishwa na Paul Graham mwaka 2007, ni kali zaidi. Fomula yake iliyochapishwa inachukua kura, inatoa moja, inagawanya kwa umri wa posti kwa saa ukiongeza 2, jumla hiyo ikiwa imepandishwa kwa kipeo cha 1.8. Piga hesabu mwenyewe. Posti yenye pointi 5 ndani ya nusu saa inapata 0.77. Posti yenye pointi 100 iliyokwisha kukaa saa 14 inapata 0.67. Pointi tano zimezishinda mia! Lakini pointi hizohizo 5 zikikusanywa kwa saa tatu zinaleta 0.22 tu, na hapo umeshazama. Juu ya fomula hiyo kuna adhabu na marekebisho ya wasimamizi, kwa mfano mjadala wenye maoni mengi kuliko kura hushushwa, kwa kuwa mara nyingi ni ugomvi.

Sasa rudi kwa paka. Picha huamuliwa kwa sekunde tatu. Maneno 3,000 yanamchukua msomaji wa kawaida dakika 12 hadi 15, na wengi wanaoyapenda huyaweka pembeni wayasome usiku, wakati posti imeshazikwa. Graham mwenyewe aliliandika jambo hili mwaka 2009: penye kura za wasomaji, kilicho rahisi kuamuliwa hutawala, mpaka wenye tovuti wachukue hatua ya kukizuia.

Dawa si kufupisha makala. Dawa ni kumpa msomaji sababu ya kupiga kura kabla hajamaliza. Weka ugunduzi wako ndani ya maneno 100 ya kwanza, pamoja na namba moja na mchoro mmoja vinavyoonekana kwenye simu bila kusogeza ukurasa. Makala yako, kama zilivyo nyingi, huenda inaanza na historia ya fedha tangu enzi za kauri. Ipeleke chini. Anza na muamala mmoja wa shilingi 50,000: unapitia wapi, nani anakata nini, unakwama wapi. Halafu chagua jumuiya ambayo picha hazikubaliwi. Ndani ya Reddit zipo nyingi zinazopokea maandishi tu, na huko paka hana tiketi.

Kundi letu la WhatsApp lilinipigia kura, posti ikatoweka

"Niliwatumia linki wenzangu 25 wa chuo, wote wakapiga kura ndani ya dakika kumi. Nikiingia mimi posti naiona. Wao hawaioni. Kuna hila gani?" (Msomaji wa kike, Mombasa)

Hila ilitoka kwenu, dada. Hebu itazame kutoka upande wa pili wa mtambo. Akaunti 25, nyingi zimefunguliwa wiki hiyo, hazijawahi kupigia kura kitu kingine, zote zimetua kwenye posti moja ndani ya dakika kumi, na kama mlikuwa kwenye Wi-Fi ya bweni, zote zina anwani moja ya mtandao. Hata kwenye data za simu hali si nzuri sana, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Reddit inakataza kuratibu kura, na Hacker News ina programu ya kunasa vikundi vya namna hii. Adhabu ya kawaida ndiyo hiyo uliyoiona: posti inabaki machoni pa mwenyewe, kwa wengine haipo.

Kuna njia ya kuhakikisha. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari bila kuingia kwenye akaunti, nenda kwenye orodha ya posti mpya za jumuiya husika, utafute posti yako. Isipokuwepo, imeondolewa. Kabla hujalia, soma kanuni zilizo pembeni, maana sababu nyingine ya kawaida ni kichujio cha kiotomatiki: jumuiya nyingi hukataa akaunti zenye umri wa siku chache au zisizo na karma ya kutosha, yaani alama ambazo akaunti hupata kwa kura za wengine. Waandikie wasimamizi wa jumuiya ujumbe mmoja mfupi wenye linki ya posti, uliza imezuiwa na nini. Mmoja. Usifungue akaunti mpya kukwepa kufungiwa, hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza.

Marafiki watumie makala yenyewe, usiwatumie ukurasa wa kupigia kura. Anayeipenda na ana mazoea ya kutembelea tovuti hizo ataikuta mwenyewe.

(Kwa wale watakaotuandikia kwamba hata waanzilishi walidanganya: ni kweli. Steve Huffman na Alexis Ohanian wameshasema hadharani kwamba Reddit ilipoanza Juni 2005 walikuwa wakiijaza posti kwa majina ya kubuni ili isionekane tupu. Walikuwa wenye nyumba. Wewe ni mgeni.)

Saa ngapi niposti?

"Naishi Dodoma. Naposti saa tatu asubuhi nikiwa na nguvu, sipati kitu." (Msomaji, Dodoma)

Saa tatu asubuhi Dodoma, New York ni saa nane usiku, au saa saba wakati wa baridi kwao. Kundi kubwa kuliko yote la watumiaji wa Reddit ni Wamarekani, nao wamelala. Kati ya Machi na Novemba, saa mbili asubuhi ya New York ni saa tisa alasiri kwetu. Miezi iliyobaki ni saa kumi jioni. California wako nyuma ya New York kwa saa tatu, hivyo wao hufungua simu zao kwetu ikiwa saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku. Kwa jumuiya kubwa za Reddit, lenga kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni.

Hacker News tunaishauri kinyume. Ukurasa wake wa mbele una nafasi 30 tu, na siku za kazi posti mpya husukumana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja. Makala ndefu ya kiufundi hupumua vizuri zaidi Jumapili, wasomaji wakiwa wachache lakini washindani wachache zaidi. Kwa jumuiya za Reddit za kwetu, r/Kenya au r/tanzania, sahau Marekani: posti wakati watu wako mapumziko ya mchana au wakiwa wametoka kazini.

Wakati wowote utakaouchagua, uwe na saa tatu huru baada yake na bando la kutosha. Maswali ya mwanzo yakijibiwa kwa kina, mjadala unakua na wapitaji wanasimama. Posti isiyo na mwenyewe hufa hata ikiwa na kura 15. Usiposti ukiwa stendi unasubiri basi la mkoani.

Kichwa cha habari

"Nimeambiwa kichwa ndicho kila kitu. Niandike cha kushtua?" (Msomaji, Eldoret)

La, na hasa si Hacker News. Pale kanuni ni kutumia kichwa cha asili cha makala, isipokuwa kikiwa kinapotosha au ni chambo. Ukikitia chumvi, wasimamizi watakibadilisha. Mwisho ni herufi 80. Vichwa vya "Njia 10 za…" hukatwa namba. Reddit inaruhusu hadi herufi 300, lakini ukishaposti huwezi kukihariri kamwe, kwa hiyo kosa la tahajia utalala nalo.

Kichwa kizuri kwenye tovuti hizi kinasema kitu ambacho kinaweza kupimwa. "Ukweli wa kushangaza kuhusu nauli za daladala" ni chambo. "Nimerekodi nauli za daladala kwenye njia 14 kwa miezi miwili: hii hapa ramani" ni habari, na msomaji anajua kabla ya kubofya kama inamhusu. Taja ulichofanya, kiasi, na mahali. Usitaje hisia utakazompa, ataamua mwenyewe. Na kama umeweka linki, iwe ya chanzo cha kwanza. Tovuti iliyonakili habari kutoka kwingine hushtakiwa ndani ya dakika chache.

Je, ni bahati tu?

"Makala yangu ilipata kura 3 mwezi wa pili. Mtu mwingine akaiweka ileile mwezi wa tano, ikafika ukurasa wa mbele. Nisikasirike?" (Msomaji, Kigali)

Kasirika kidogo, kisha ujifunze, maana kisa chako ndicho cha kawaida. Eric Gilbert, wakati huo wa chuo kikuu cha Georgia Tech, alichapisha utafiti mwaka 2013 kuhusu linki zilizokuja kupata umaarufu Reddit: asilimia 52 zilipuuzwa mara ya kwanza zilipowekwa. Zaidi ya nusu! Sababu ni kwamba wanaopitia orodha ya posti mpya ni wachache, kila mmoja akitumaini mwenzake ataichambua takataka ili yeye asome kilichobaki.

Bahati yenyewe imepimwa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lililowahusisha watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wasikilizaji waligawanywa katika dunia 8 zisizoonana, kila dunia ikiona tu hesabu ya upakuaji ya watu wake. Kuna wimbo uliokuwa wa kwanza katika dunia moja na wa 40 katika nyingine. Nyimbo nzuri kabisa ni nadra zilishika mkia, mbaya kabisa ni nadra ziliongoza. Zilizokuwa katikati ziliweza kuangukia popote. Na mwaka 2013 Lev Muchnik, Sean Taylor na Sinan Aral walichukua maoni zaidi ya 101,000 kwenye tovuti moja ya habari, wakayapa baadhi kura moja ya bandia ya kupandisha mara tu yalipoandikwa. Alama za mwisho za hayo zilikuwa juu kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya bandia ya kushusha haikuwa na madhara ya kudumu, wasomaji waliisahihisha. Umati huona aibu kumkandamiza mtu bila sababu, lakini kumpandisha aliyekwisha kupandishwa hauhitaji sababu.

Msimamo wetu basi: kazi yako ikiwa ya wastani, upo mikononi mwa bahati. Ikiwa nzuri sana, bahati mbaya ya siku moja haikuui, mradi uipe nafasi zaidi ya moja. Hacker News inaruhusu kurudia posti mara chache kama haikupata usikivu wa maana, na ina bwawa la nafasi ya pili, ambamo wasimamizi huokota zilizozama wakazirudisha karibu na ukurasa wa mbele. Subiri siku kadhaa kabla ya kurudia, na usiifute ya kwanza. Reddit, kila jumuiya ina sheria yake ya kurudia. Peleka kwa jumuiya nyingine yenye watu tofauti, na ubadili kichwa kiendane na wanachojali. Desturi ya zamani inayoheshimiwa hadi leo ni kwamba kati ya posti zako 10, isiwe zaidi ya moja inayotangaza kazi yako mwenyewe.

Tumefika ukurasa wa mbele, tovuti ikaanguka

"Baada ya dakika 20 wageni walikuwa wanaona hitilafu ya 503. Tuliwapoteza wote." (Wanafunzi wawili, Morogoro)

Balaa hili lilipata jina, "athari ya Slashdot", miaka ya 1990, baada ya tovuti ya habari Slashdot kuanza mwaka 1997 na kuangusha tovuti ndogo kila ilipozitaja. Limebaki vilevile.

Tovuti yenu, kama zilivyo nyingi, huenda ni ya WordPress kwenye seva mnayoshirikiana na tovuti nyingine. Kila mgeni anapofika, PHP, lugha inayoendesha WordPress, inaamka, inauliza hifadhidata maswali kadhaa, inajenga ukurasa uleule uliojengwa sekunde moja kabla. Kifurushi cha bei ya chini kinaruhusu michakato michache kwa wakati mmoja. Ikijaa, wa nyuma wanapewa 503. Tatizo la pili ni uzito. Ukurasa wa MB 4 ukitembelewa na watu 20,000 ni GB 80. Uleule ukipunguzwa hadi KB 400 ni GB 8.

Fanyeni haya kabla ya kuposti, si baada. Wekeni programu-jalizi ya kache, yaani ya kutunza nakala zilizokwisha kujengwa, inayotoa kurasa kama HTML tupu. Picha zigeuzeni ziwe za WebP, muundo mwepesi wa picha, upana usiozidi pikseli 1,200, kila moja chini ya KB 150. Ondoeni fonti za mapambo na vitufe vya kushea, navyo huvuta msimbo kutoka nje. Mbele ya seva wekeni mtandao wa kusambaza nakala kama Cloudflare, ambao una kiwango cha bure. Hakikisheni unahifadhi HTML pia, maana kwa mpangilio wake wa awali huhifadhi faili tuli tu, kama picha na za mtindo, ukurasa wenyewe ukaendelea kugonga seva yenu. Hili ndilo linalowaponza wengi: wanaona alama ya Cloudflare, wingu la rangi ya chungwa, wanadhani wamepona.

Mkinaswa katikati ya mafuriko, msiwashe upya seva mara kumi. Hifadhini ukurasa huo mmoja kama faili la HTML, mlipakie mahali pa tovuti tuli, mwelekeze anwani huko. Na wekeni kwenye maoni linki ya nakala ya Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao. Msipoiweka nyinyi, msomaji mwenye huruma ataiweka.

Maoni yangu ya mapema yamepitwa

"Maoni yangu yana kura 40 juu, 20 chini. Yaliyo juu yangu yana 10 na 1. Haki iko wapi?" (Msomaji, Muscat)

Haki ipo. Tangu 2009 Reddit hupanga maoni "bora" kwa kipimo cha Wilson, wazo alilolipendekeza mchoraji wa katuni Randall Munroe. Hakiangalii tofauti ya kura, kinauliza: kwa ushahidi uliopo, uwiano wa wanaoyapenda haupungui kiasi gani? Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 80, yako yanapata 0.59 na ya mwenzako 0.74. Yenye kura 1 ya juu na 0 ya chini yanapata 0.38 tu, kwa sababu ushahidi ni haba. Umri hauhesabiwi kabisa. Kwa hiyo ukichelewa saa nne ukiwa na jibu zuri, andika, bado unaweza kupanda. Na kura zako 20 za kushusha zina sababu: tunaona umeanza kwa kumwita mwandishi mvivu.

Digg iliishia wapi?

"Mimi wa zamani kidogo." (Msomaji, Tanga)

Shikamoo. Digg, tovuti nyingine ya kura za wasomaji, ilianza mwaka 2004 na ikawa kubwa kuliko Reddit. Agosti 2010 ikatoa toleo la nne, likaondoa kitufe cha kuzika posti na kuwaruhusu wachapishaji wakubwa kuingiza habari zao moja kwa moja. Watumiaji wakagoma kwa kuujaza ukurasa wa mbele linki za Reddit, kisha wakahamia hukohuko. Mwaka 2012 ikauzwa vipandevipande. Machi 2025 mwanzilishi wake Kevin Rose aliinunua tena, akishirikiana na Ohanian yuleyule wa Reddit.

Kwa Kiswahili, inawezekana?

"Au lazima Kiingereza?" (Msomaji, Bujumbura)

Hacker News hupokea Kiingereza tu. r/Kenya na r/tanzania huchanganya bila shida, na kwa kuwa wapiga kura ni wachache, kura chache tu za saa ya kwanza zinakuweka juu siku nzima. Kama makala yako ni ya Kiswahili na data yake inawafaa wengine, chapisha jedwali na ramani kwa lugha zote mbili kwenye ukurasa uleule, maelezo marefu yabaki kwa Kiswahili. Kisha uposti ramani.